Kuisikiliza Seli Ikiwa Hai



Kama unanipata kwa FM, redio yako inanasa mawimbi yaliyo kati ya megahezi 88 na 108. Sasa chukua sumaku yenye nguvu ya tesla 2.35, weka ndani yake kichupa cha maji, kisha yapige maji hayo kwa mawimbi ya redio ya megahezi 100. Viini vya atomi za haidrojeni vilivyomo kwenye maji vitayapokea. Ukiyakata mawimbi ghafla, viini vile vitayarudisha kwa masafa yale yale, kwa sauti hafifu mno, lakini kifaa kizuri kitaisikia. Haya ni masafa ya FM hasa. Ndiyo maana chumba cha mashine ya MRI hospitalini huzungushiwa kinga ya shaba au madini mengine ukutani, darini na sakafuni: bila kinga hiyo mashine ingechanganya mwili wa mgonjwa na taarifa ya habari.

MRI wengi wetu tumeisikia, na wengine tumelazwa ndani yake. Jioni hii namzungumzia mzazi wake, ambaye hajulikani sana nje ya maabara. Wenyewe humwita NMR kwa kifupi. Ni njia ya kuvipiga viini vya atomi kwa mawimbi ya redio ndani ya sumaku na kusikiliza vinavyojibu. Iligunduliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1945 na mwanzoni mwa 1946 na makundi mawili yasiyotegemeana, moja likiwa na Felix Bloch kule Stanford na jingine likiwa na Edward Purcell kule Harvard. Wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1952. Na yeyote anayeogopa neno nyuklia, ambalo ndilo herufi N katika NMR, atulie: hapa hakuna mionzi ya kuunguza, wala atomi inayopasuliwa. Kuna sumaku na mawimbi ya redio tu.

Wanafizikia walitaka kuvijua viini vyenyewe. Waliofaidi zaidi ni wanakemia, kwa sababu ya jambo moja dogo. Kiini cha atomi hakijibu kwa masafa yale yale kila mahali. Majirani zake ndani ya molekuli hukisogeza kidogo, sehemu chache tu katika milioni moja. Kwa hiyo fosforasi iliyo ndani ya molekuli moja hujibu kando kidogo ya fosforasi iliyo ndani ya molekuli nyingine. Ukichora majibu yote kwenye karatasi unapata mstari wenye vilele, na kila kilele kina mwenyewe. ATP, ile molekuli inayobeba nishati katika kila seli ya mwili wako, ina fosfeti tatu, nayo hutoa vilele vitatu. Fosfokreatini, ambayo ni akiba ya nishati ya haraka ndani ya msuli, hutoa kimoja. Fosfeti iliyo huru, ambayo imekwisha kutumika, hutoa chake. Unausoma mstari huo na unajua nani yupo na kwa kiasi gani, bila kugusa kitu.

Hilo la kutogusa ndilo linalonifanya niipende mbinu hii kuliko nyingine zote za biokemia, na nitaeleza kwa nini.

Kwa miongo mingi, aliyetaka kujua kemia iliyomo ndani ya seli ilibidi aiue kwanza. Unakata kipande cha ini au cha msuli, unakitumbukiza haraka kwenye naitrojeni ya kimiminika kigande, unakisaga, unakitia tindikali, unachuja, halafu unapima kilichobaki. Elimu kubwa ilipatikana hivyo na wala siidharau. Lakini ni sawa na mtu anayetaka kuijua biashara ya Kariakoo kwa kuingia sokoni saa nane za usiku na kuhesabu magunia. Atajua shehena iliyopo. Nani anauza nini kwa nani, na kwa kasi gani, hatajua. Na uhai wa seli uko katika hiyo kasi. Kwa wakati wowote ATP iliyomo mwilini mwako haifiki hata nusu kilo, lakini inavunjwa na kuundwa upya mara nyingi kiasi kwamba kwa siku nzima jumla yake hukaribia uzito wa mwili wako. Ukipima ile akiba peke yake, habari yenyewe imekupita.

Hatua ya kwanza ilikuwa mwaka 1973, katika chuo cha teknolojia cha California, Caltech. Watafiti wawili, Moon na Richards, waliweka chembe nyekundu za damu ndani ya sumaku, wakasikiliza fosforasi iliyomo ndani yake. Walionyesha kwamba mahali kilele kinapokaa panategemea kiwango cha tindikali ndani ya chembe. Sababu ni rahisi: fosfeti hubeba haidrojeni moja au mbili kulingana na tindikali iliyopo, na kila hali ina masafa yake. Kwa kuwa inabadili hali hizo haraka sana, tunaona kilele kimoja kinachotembea kati ya nukta mbili. Kwa hiyo kilele kilekile kinatoa habari mbili: urefu wake unasema fosfeti ni nyingi kiasi gani, na mahali kiliposimama panasema pH ya ndani ya seli ni ngapi. Kumbuka kwamba seli hizo hazikutobolewa wala kutiwa rangi.

Mwaka uliofuata kazi ikahamia Oxford, Uingereza. Pale alikuwapo George Radda, mzaliwa wa Hungaria aliyefika Uingereza baada ya maasi ya 1956, pamoja na Rex Richards (si yule Richards wa Caltech), David Hoult, David Gadian na wenzao. Walichukua msuli wa mguu wa panya, ukiwa mbichi, ndiyo kwanza umekatwa, wakautia kwenye kichupa na kukishusha ndani ya sumaku. Wengi walitarajia kwamba nyama nzima, yenye unene na vurugu zake zote, itatoa mstari uliovurugika usiosomeka. Vilele vikatokea, safi: fosfeti huru, fosfokreatini, na vile vitatu vya ATP.

Kilichofuata ni kitu ambacho msagaji wa nyama asingeweza kukiona. Msuli ule haukuwa na damu tena, kwa hiyo haukuwa na oksijeni. Wakausikiliza tena na tena. Kilele cha fosfokreatini kikawa kinapungua, cha fosfeti huru kinapanda, na huku kinapanda kinasogea pembeni kuonyesha kwamba tindikali inaongezeka. Vilele vya ATP vilikuwa bado vimesimama. Msuli ulikuwa unatoa akiba yake yote ili ATP isishuke, na ATP ilianza kupungua pale tu akiba ilipokuwa inaelekea kwisha. Vitabu vilikuwa vimelisema jambo hilo kwa hesabu za vipande vingi vilivyosagwa. Hapa lilionekana katika msuli mmoja, dakika baada ya dakika.

Na kuna mahali ambapo njia ya zamani ilirekebishwa waziwazi. Ukisaga msuli na kupima ADP, yaani ATP iliyopoteza fosfeti moja, unapata kiasi kikubwa. Lakini hesabu zinazotokana na NMR zinaonyesha kwamba ADP iliyo huru ndani ya msuli uliopumzika ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Iliyobaki imeshikwa na protini za msuli wenyewe na haishiriki katika kemia ya dakika ile. Tindikali ya maabara ndiyo iliyoifungua na kuihesabu pamoja na nyingine. Hili si suala la tarakimu tu. ADP huru ni moja ya ishara zinazoiambia mitokondria iongeze kasi ya kutengeneza nishati. Aliyeamini kiasi kikubwa asingeweza kuelewa jinsi seli inavyojiongoza.

Sasa nikutoe kwa panya nikupeleke kwa mgonjwa. Mwaka 1951 daktari Brian McArdle wa hospitali ya Guy's mjini London alieleza habari za mwanamume wa miaka 30 ambaye tangu utotoni misuli yake iliuma na kukakamaa kila alipofanya kazi hata kidogo. McArdle aligundua kwamba mtu huyo akifanya mazoezi, asidi ya laktiki haipandi kwenye damu yake kama inavyopanda kwangu na kwako. Akahitimisha kwamba msuli wake unashindwa kuivunja glaikojeni, ile sukari iliyowekwa ghalani. Kimeng'enya kinachokosekana kilitambuliwa mwaka 1959. Tangu hapo, kuthibitisha ugonjwa huo kulimaanisha kukata kinyofu cha msuli wa mgonjwa na kukipeleka maabara.

Mwaka 1981 kundi la Oxford lilitoa taarifa ya mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Wakati huo walikuwa na sumaku yenye tundu la kutosha kupitisha mkono, na koili ndogo ya kulaza juu ya ngozi, ambayo husikiliza nyama iliyo chini yake tu. Mgonjwa aliingiza mkono, koili ikakaa kwenye kigasha, akaambiwa afanye mazoezi ya mkono huku damu imezuiwa. Kwa mtu mzima wa afya, kilele cha fosfeti husogea upande wa tindikali, kwa sababu glaikojeni inavunjwa na asidi inazalishwa. Kwa mgonjwa huyu fosfokreatini ilishuka kama kawaida, fosfeti ikapanda, lakini tindikali haikuongezeka. Ghala limejaa na ufunguo haupo, na hilo lilionekana kwenye karatasi bila kisu wala sindano. Kwa maoni yangu siku hiyo NMR ilivuka mpaka kutoka chombo cha mwanakemia hadi chombo cha tabibu, ingawa hospitali nyingi bado hazijaufuata mfano huo.

Hazijaufuata kwa sababu za kweli, na si haki kuzificha. Ndani ya sumaku ya tesla 1.5, ambayo ni ya kawaida hospitalini, kati ya viini milioni moja vya haidrojeni ni vitano hivi tu vinavyozidi upande mmoja na kutoa mlio tunaousikia. Vilivyobaki vinafutana. Kwa fosforasi ni viwili hivi. Kwa hiyo kitu lazima kiwe kingi ndani ya seli ndipo kisikike, na mara nyingi inabidi kusikiliza kwa dakika kadhaa na kujumlisha milio ili kilele kijitokeze juu ya kelele. Homoni kama insulini huwezi kuiona kabisa kwa njia hii. Unaona kazi yake tu. Kaboni nayo ina shida zaidi: kaboni ya kawaida, yenye uzito wa 12, haina mlio wowote. Ni aina yenye uzito wa 13 tu inayojibu, na hiyo ni asilimia 1.1 ya kaboni yote duniani.

Lakini udhaifu huo wa kaboni uligeuzwa kuwa nguvu. Kama karibu kaboni yote ni kimya, basi ukitengeneza sukari ambayo kaboni yake moja ni ya 13, umeitia alama. Popote itakapokwenda utaifuata. Na kaboni 13 haina mionzi, mtu anaweza kuipokea mwilini bila hofu.

Miongoni mwa waliofungua njia hii walikuwa watu wa kampuni ya simu. Maabara za Bell, huko New Jersey, zilikuwa na fedha na uhuru ambao vyuo vingi vingeutamani, na ndani yake Robert Shulman na wenzake, akiwamo Kamil Ugurbil, waliacha nyaya na simu wakaanza kusikiliza bakteria na hamira. Ni hamira hii hii ya maandazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walijaza kichupa kwa hamira nzito iliyo hai, wakailisha glukosi yenye alama kwenye kaboni ya kwanza kati ya sita, wakaona sukari ikipungua na alkoholi ikipanda. Lakini waliona na jambo jingine: alama iliyowekwa kwenye kaboni ya kwanza ilitokea pia kwenye kaboni ya sita, ndani ya molekuli moja ya katikati ya safari.

Hapa niruhusu nikawie kidogo, maana ni pazuri. Glukosi ndani ya seli hukatwa vipande viwili vya kaboni tatu tatu. Vitabu hukichora kitendo hicho kwa mshale unaokwenda mbele. Ikiwa alama imeruka kutoka ya kwanza hadi ya sita, maana yake ni kwamba vipande vile viwili vinabadilishana sura, kisha baadhi vinaungana tena kinyumenyume na kuwa sukari, kabla ya kukatwa upya. Seli inakwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, na tunachokiita mwendo ni ile tofauti ndogo kati ya kwenda na kurudi. Huwezi kuliona hilo katika seli iliyokufa, kwa kuwa maiti haiendi wala hairudi.

Njia hiyo hiyo ya kaboni yenye alama inafanya kazi kwenye jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, vimelea vya malale. Kule Bordeaux, Ufaransa, watafiti wametumia NMR kufuatilia taka zinazotolewa na vimelea hai vya tripanosoma vya aina inayoishi tumboni mwa mbung'o. Mle hakuna sukari nyingi kama kwenye damu, na kimelea hugeukia prolini, asidi ya amino ambayo mbung'o mwenyewe huitumia kama kuni za kurukia. Anayetafuta dawa anahitaji kujua kimelea kinakula nini na kinatupa nini, mahali kilipo.

Shulman alihamia chuo kikuu cha Yale mwaka 1979, na hapo hapo Yale ndipo ilipofanyika kazi ambayo ningependa kila mwenye mzazi mwenye kisukari aijue. Iliongozwa na mwingine mwenye jina la Shulman, Gerald, ambaye si ndugu yake. Swali lilikuwa hili: mtu mwenye kisukari cha aina ya pili anapokula, sukari inabaki kwenye damu, je, ilipaswa kwenda wapi? Mwaka 1990 walichapisha jibu. Walilaza wagonjwa na watu wazima wa afya, wakawapa kwa mshipa glukosi yenye kaboni 13 pamoja na insulini, na koili ikawekwa kwenye shavu la mguu. Kisha wakatazama kilele cha glaikojeni kikipanda ndani ya msuli wa mtu aliye macho, anayepumua, anayeweza kuzungumza nao. Kwa wenye afya glaikojeni ilijengwa kwa kasi ya mikromoli 183 kwa kilo ya msuli kwa dakika. Kwa wagonjwa ilikuwa 78. Hiyo ni chini ya nusu. Sehemu kubwa ya sukari ilipaswa kuingia kwenye msuli, na msuli haukuipokea.

Kazi zilizofuata zikatafuta mahali penye kizuizi. Je, sukari inaingia ndani ya seli halafu inakwama, au inakwama mlangoni? Kwa kupima viwango vya ndani, tena kwa NMR, mwaka 1999 walionyesha kwamba tatizo kuu liko mlangoni: usafirishaji wa glukosi kuingia ndani ya seli. Kabla ya hapo, mwaka 1995, kundi hilo lilikuwa limechunguza watoto wa wagonjwa, watu wazima wembamba, sukari yao ya damu ikiwa ya kawaida, hawajihisi chochote. Hitilafu ile ile ilikuwa tayari imo katika misuli yao. Msikilizaji, zingatia hilo: kipimo cha kawaida cha damu kilisema wazima, na msuli ukasema mapema kwamba njia imeanza kuziba.

Mbinu yenyewe haijasimama. Mwaka 2003 watafiti kutoka Skandinavia walieleza namna ya kuipoza kaboni 13 hadi karibu nyuzi 272 chini ya sifuri, kuipa nguvu ya usumaku, kisha kuiyeyusha ghafla ili mlio wake uongezeke zaidi ya mara 10,000. Nguvu hiyo hudumu dakika moja au mbili tu, kwa hiyo kila kitu kinafanywa mbio. Mwaka 2013 huko San Francisco ilitangazwa kazi ya kwanza kwa binadamu, wanaume 31 wenye saratani ya tezi dume, ambapo uvimbe ulionekana ukigeuza piruveti kuwa laktiki mbele ya macho ya madaktari. Ni kazi ya gharama kubwa na itachukua muda kufika mbali.

Lakini sumaku zenye nguvu ya kutosha kusikiliza msuli tayari zipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ndani ya mashine za MRI zinazopiga picha kila siku. Nyingi zimefungwa kusikiliza haidrojeni peke yake. Kinachohitajika zaidi ni koili na vipaza vya masafa mengine, na watu watatu waliokaa meza moja: mwanafizikia, mwanabiokemia na daktari. Vyuo vyetu vinawafundisha wote watatu, kila mmoja katika jengo lake. Nawaomba wakuu wa vyuo wawakutanishe, maana kisukari kinaongezeka kwetu na misuli yetu inafaa iulizwe hapa hapa.

Na wewe ambaye mama au baba ana kisukari, usisubiri mashine. Mwaka 1996 kundi lile la Yale liliwachukua watu wa hali yako, likawafanyisha mazoezi kwa wiki 6, kisha likawarudisha ndani ya sumaku. Ujenzi wa glaikojeni katika misuli yao ulikuwa umepanda kwa kiasi kikubwa.